Tangi la matumbawe lilivyomfundisha baba kuacha pupa

Kila jioni saa 12:30, katika nyumba ya ghorofa ya tatu mashariki mwa London, binti wa miaka 11 huchota mililita nne za maji kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Huyamimina kwenye kichupa, huongeza matone ya dawa ya rangi, kisha huanza kudondosha tindikali taratibu huku akitikisa.

Maji ni ya bluu. Yanabaki bluu tone baada ya tone, halafu kwa tone moja tu yanageuka waridi. Hapo binti husimama, husoma mstari kwenye bomba na kuandika namba katika daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mlango wa friji.

Muda si mrefu simu huita. Ni baba yake, yuko kituoni akisubiri zamu ya pili ya kuendesha basi.

"Ngapi leo?"

"Nane kasoro."

"Vizuri. Na wewe je?"

Mwaka mmoja uliopita simu hiyo haikuwapo. Baba alikuwa akirudi nyumbani watoto wamelala na kuondoka kabla hawajaamka. Tangi la kioo lilikuwa pale pale sebuleni, tena likiwa na matumbawe mengi kuliko sasa.

Baba huyo alizaliwa Mafia, na mzee wake alikuwa mchoma chokaa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mawe ya matumbawe yanakusanywa na kupangwa juu ya rundo kubwa la magogo, moto unawashwa na kuachwa uwake mpaka mawe yaive. Moto huo hufukuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Kinachobaki, kikinyunyiziwa maji, huvunjika na kuwa unga mweupe. Unga huo ndio chokaa iliyojenga na kupaka nyumba za pwani tangu enzi za mababu.

Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Mzee akaacha tanuri na kushika kilimo cha minazi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Baba alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Anakumbuka kuzamia na wenzake na kukuta mwamba aliouzoea umekuwa mweupe kama mifupa.

Binti yake hakuwahi kuiona bahari hiyo. Aliondoka Tanzania akiwa mchanga mgongoni mwa mama yake. Ndiyo maana baba, baada ya kuweka akiba kwa miezi, alinunua tangi la mtumba la lita 200 pamoja na vipande vitano vya matumbawe ya matawi. Havikutoka baharini. Vilikatwa kutoka kwa matumbawe yaliyokuzwa kwenye matangi, kama mtu anavyokata pingili ya muhogo na kwenda kupanda kwake.

"Nilitaka aone nilikotoka," humwambia mkewe.

Mke wake, ambaye hufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, alimjibu kwamba mtoto angependa zaidi kumwona yeye.

Kufuga samaki wa maji chumvi si kazi ngumu sana. Matumbawe ndiyo yenye masharti. Tumbawe ni mnyama, ingawa kwa macho linafanana na mti au jiwe. Kila siku linajijengea mifupa, na mifupa hiyo linaitoa kwenye maji yanayolizunguka. Linahitaji vitu viwili kwa pamoja: kalsiamu, madini yale yale yanayojenga mifupa na meno ya mtoto, na kaboneti. Vikiungana vinakuwa kaboneti ya kalsiamu.

Mtu anayeishi London haihitaji kuitafuta kaboneti ya kalsiamu mbali. Maji ya bomba ya jiji hilo ni mazito kwa sababu yanapita kwenye miamba ya chaki, na birika la umeme likitumika wiki chache tu hushika ukoko mweupe ndani. Ukoko huo na mifupa ya tumbawe ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba birika linaupata bila kutaka, na tumbawe linaujenga kwa makusudi.

Katika bahari ya kawaida, kila lita ya maji ina karibu miligramu 420 za kalsiamu. Upande wa kaboneti hupimwa kwa kipimo kinachoitwa alkali, yaani uwezo wa maji kuihimili tindikali bila kuyumba. Ndiyo maana binti hudondosha tindikali na kuhesabu: kadiri maji yanavyoihimili zaidi, ndivyo alkali ilivyo nyingi. Wafugaji huihesabu kwa digrii za dKH, ambazo hazihusiani na joto. Bahari ina karibu digrii 7. Kwenye matangi wengi huchagua namba moja kati ya 7 na 11 na kukaa nayo. Baba alichagua 8.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanaoanza hulikosa, na yeye pia alilikosa. Vitu hivi viwili vinaliwa pamoja, lakini akiba zake hazilingani. Matumbawe yakila digrii 2.8 za alkali, yanakula miligramu 20 tu za kalsiamu katika kila lita. Kutoka 420 kwenda 400 si kitu. Kutoka digrii 8 kwenda 5.2 ni zaidi ya theluthi nzima imekwisha. Ni kama nyumba yenye gunia la mchele na chupa moja ya mafuta. Mama hachungulii gunia kila siku, anachungulia chupa.

Kwa hiyo mtu anayepima kalsiamu pekee na kuiona iko sawa anaweza kulala usingizi mtamu huku tangi lake linafilisika.

Hilo ndilo lililotokea. Septemba binti alianza sekondari katika shule mpya, mbali na marafiki wote aliokuwa nao. Mwezi huo huo baba alipata zamu za ziada na akazichukua zote, kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Kwa wiki sita hakuna aliyepima alkali. Taa ziliwaka kwa saa zake, samaki walilishwa, maji yaliyokauka yaliongezwa. Kwa nje kila kitu kilikuwa kizuri.

Jumapili moja baba alipata siku ya mapumziko. Asubuhi alipima, akakuta 5.5. Akapima tena, namba ikawa ile ile.

Kabla hajakaa vizuri, mama akamwonyesha ujumbe wa mwalimu wa darasa. Binti anakula chakula cha mchana peke yake kila siku. Darasani haongei. Je, nyumbani kuna tatizo?

Baba ni mtu wa kutengeneza. Basi likigoma, haliachwi barabarani. Aliamua kwamba mambo yote mawili yataisha siku hiyo hiyo.

Alianza na tangi. Alichukua bikaboneti ya soda, ile ile inayotiwa kwenye keki, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: katika lita 200 za maji, gramu 6, karibu kijiko kimoja cha chai, hupandisha digrii moja. Alihitaji kupanda, akasema bora apande kabisa. Akayeyusha vijiko vitano na kumimina. Kisha, akidhani kalsiamu nayo imeshuka sana, akamimina kloridi ya kalsiamu kwenye kona ile ile kabla maji hayajachanganyika.

Maji yakawa meupe kama yametiwa maziwa. Vitu viwili ambavyo tumbawe lilipaswa kuviunganisha polepole ndani ya mwili wake vilikuwa vimeungana vyenyewe majini. Chembechembe zilishuka kama vumbi juu ya mawe, zikaganda kwenye pampu na kwenye hita. Ulikuwa ukoko wa birika, safari hii ndani ya tangi.

Akamwita binti. Akamkalisha kwenye kochi akamuuliza kwa nini haongei shuleni, nani anamwonea, kwa nini hakusema, anataka nini, afanyiwe nini. Maswali yaliendelea karibu saa mbili. Binti alijibu machache ya mwanzo, kisha akawa anatazama zulia. Mwishowe aliomba kwenda kulala, ilhali jua lilikuwa halijazama.

Jumatatu ncha za matumbawe zilikuwa nyeupe. Jumatano nyama yake ilikuwa inabanduka kama ganda la vitunguu. Kufikia Ijumaa, vipande vitatu kati ya vitano vilikuwa vimebaki mifupa mitupu. Chanzo chake hakikuwa joto kama mwaka 1998, lakini weupe ulikuwa ule ule, na baba alisimama mbele ya kioo muda mrefu bila kusema neno.

Binti alikuja akasimama pembeni yake.

"Baba," alisema, "umemwaga yote siku moja."

Hakufafanua anazungumzia tangi au kitu kingine. Baba hakuuliza.

Ukweli ni kwamba digrii 10.5 si sumu. Wapo wafugaji wanaoishi na namba hiyo miaka na miaka na matumbawe yao yanastawi. Hata 5.5, ingawa ni ndogo, haiui kwa siku moja. Kilichoyaumiza matumbawe yale ni mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine. Mnyama aliyekwisha kujizoesha maji haba kwa wiki sita aliamshwa ghafla kwenye maji mengine kabisa. Ndiyo maana wafugaji wenye uzoefu hushauri alkali isipandishwe zaidi ya digrii moja kwa siku, na wengi huridhika na nusu digrii. Kupanda kutoka 5.5 hadi 8 kungeweza kuchukua siku tano bila hasara yoyote.

Walianza upya na vipande viwili vilivyobaki. Safari hii hawakuanza kwa kuongeza kitu, walianza kwa kutazama. Baada ya kuipandisha alkali taratibu mpaka 8.2, waliacha kila kitu na kupima siku tatu mfululizo, saa ile ile ya jioni. Siku ya kwanza 8.2. Siku ya pili 7.8. Siku ya tatu 7.4.

Binti ndiye aliyesema: "Yanakula sifuri nukta nne kwa siku."

Hiyo ndiyo namba ambayo baba hakuwahi kuwa nayo. Alikuwa akijua tangi lina kiasi gani siku anayopima, lakini hakujua linatumia kiasi gani kila siku. Ukiijua ya pili huna haja ya ushujaa. Unarudisha kile kilicholiwa, basi.

Baada ya hapo alisoma kwamba ipo njia ya kurudisha kalsiamu na alkali kwa pamoja, kwa uwiano ule ule ambao tumbawe linavila. Njia hiyo ni maji ya chokaa. Aliposoma neno hilo alicheka peke yake jikoni.

Katika tangi kama lake, maji yapatayo lita mbili hukauka kila siku na lazima yarudishwe. Yanayorudishwa ni maji yaliyochujwa, maana chumvi haikauki na maji ya bomba huleta uchafu wake. Baba hutia chokaa safi katika lita hizo mbili na kuziacha zidondoke usiku kucha. Usiku ndio wakati mzuri, kwa kuwa taa zikizimwa maji huelekea upande wa tindikali, na chokaa huyainua. Hesabu ya digrii 0.4 kwa siku ilitoa kiasi kidogo mno hata alirudia kuikokotoa: gramu moja tu ya chokaa kwa siku.

Alimpigia mzee wake Mafia kwa picha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Tangi lako vipi?"

Akamweleza. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaangua kicheko mpaka simu ikatikisika mkononi mwake. "Mimi nilichoma matumbawe nipate chokaa," alisema, "na wewe unatia chokaa upate matumbawe. Endelea, mwanangu. Mimi nilitumia magunia, wewe lipa kwa gramu."

Lakini chokaa ina upande wake mwingine, na upande huo nusura ulitoe tangi nyumbani.

Binti ana mdogo wake wa kiume wa miaka mitatu. Baba alikuwa ameweka maji ya chokaa yaliyobaki kwenye chupa ya soda, akaiacha chini, kando ya kabati la tangi. Maji ya chokaa yakitulia huwa meupe angavu kama maji ya kunywa. Jumamosi moja mama alisikia mlio jikoni, akamkuta mtoto ameifungua chupa na kujimwagia mkononi na usoni, jicho moja limefumba.

Mama hakutafuta maziwa wala mafuta. Alimbeba hadi kwenye bomba, akamlaza kichwa upande ili maji yasiingie jicho la pili, akafungua kope kwa vidole na kuacha maji safi yatiririke. Mtoto alipiga kelele, naye aliendelea kwa dakika 20 kwa saa ya ukutani, huku binti akipiga simu ya dharura. Nguo iliyolowa ilivuliwa. Hospitali walisema jicho liko salama, na kwamba maji yale ya mapema ndiyo yaliyosaidia.

Mzazi mwenye chokaa nyumbani, iwe ya tangi, ya kupaka ukuta au ya shambani, ashike hili. Chokaa iliyokoleza maji hufikia pH 12 na zaidi, na inaunguza jicho, midomo na koo. Ikiingia jichoni, ni maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha hospitali hata kama mtoto ameacha kulia. Ikimezwa, mtoto asitapishwe. Asuuzwe kinywa na apelekwe haraka. Na isiwekwe kamwe, hata kwa usiku mmoja, ndani ya chupa ya kinywaji.

Usiku ule mama alisema maneno machache. "Baba watoto, ama chokaa iondoke, ama tangi liondoke. Au nipe sababu."

Baba hakuwa na sababu. Alisema ataliuza.

Binti ndiye aliyetoka chumbani. Alikuwa na daftari. Alilifungua mezani, akawaonyesha wazazi kurasa za wiki tisa: tarehe, saa, namba. Pembeni ya namba kulikuwa na maandishi madogo ambayo baba hakuwa ameyasoma, kwani alikuwa akiuliza namba tu. *Leo mvua. Leo nimejibu swali la sayansi. Leo mtu ameniuliza matumbawe ni nini.*

Mama alisoma kurasa mbili, akalifunga daftari.

Waliafikiana. Chokaa inakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kukaza, imeandikwa kwa herufi kubwa, juu ya kabati lenye kufuli. Anayeichanganya ni baba peke yake, usiku mtoto akishalala, akiwa na glavu na miwani ya kukinga macho, unga ukimwagwa taratibu usitimke. Chombo cha kudondosha kimefungwa ndani ya kabati la tangi. Binti anapima tu. Na kila jioni, baba akiwa kazini, anapiga simu.

Mwanzoni simu zile zilikuwa fupi mno. Namba, kwaheri. Baba alijizuia asiulize zaidi ya swali moja, na haikuwa rahisi, kwani kila siku alikuwa na maswali kumi. Wiki ya pili au ya tatu binti akaanza kuongeza sentensi moja. Siku nyingine sentensi mbili. Habari ya msichana wa Kisomali anayekaa naye chakula cha mchana ilifika kwa vipande, kwa karibu mwezi mzima: kwanza kwamba yupo, kisha jina lake, kisha kwamba anapenda samaki.

Vipande viwili vya matumbawe vimeanza kutoa matawi mapya. Ncha zake zina rangi ya samawati iliyopauka, ile ya tumbawe linalokua. Kwa macho huoni kitu siku hadi siku. Binti amechora mstari kwa kalamu kwenye kioo cha nje ili aone limefika wapi.

Wiki iliyopita alipima akakuta 7.3. Pampu ndogo ya maji ya chokaa ilikuwa imeziba kwa ukoko. Baba alipopiga simu, alimwambia.

"Unataka tufanye nini?" baba aliuliza.

"Safisha pampu ukirudi. Kisha tuongeze kidogo leo na kidogo kesho."

"Sawa. Na wewe je?"

"Mimi leo sijisikii kuongea, baba."

"Sawa, mwanangu. Kesho nitapiga tena."

Alirudi saa 6 usiku, akaifungua pampu na kuiloweka kwenye siki mpaka ukoko ukatoka. Akapima gramu yake moja, akaichanganya, akafunga kabati. Kabla ya kulala alisoma daftari kwenye friji. Pembeni ya 7.3 binti alikuwa ameandika: *Baba ameelewa.*